Kimya Baada ya Jina

Maramba,
16 Januari 2024

Mwanangu Badru,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini naitikia kabisa, maana tangu ukiwa mtoto hujawahi kunipita bila shikamoo, na sitaki tuanze leo.

Nimekupigia simu tangu Jumamosi, hupokei. Sikulaumu. Kwa maneno aliyokutolea shemeji yangu Zebedayo mbele ya watu wa msiba, hata mimi ningezima simu. Kwa hiyo nimeandika, na barua nampa Sabiri, huyu wa bodaboda anayetuletea samaki kutoka kwenu Moa. Kwenye simu pia nisingeweza kusema haya. Wifi yangu Devota bado yuko hapa, analala chumba cha pili, na nikinong'ona tu anauliza, "Mama Queen, unaongea na nani?"

Nataka nikueleze ilivyokuwa kwangu siku ile ya kuanua matanga, kwa sababu wewe ulikuwa nyuma kwenye spika na mimi nilikuwa mbele kwenye mkeka.

Ulipochomeka flashi na ikatoka sauti ya mume wangu, niliushika mkeka kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa, lakini nimegundua mtu hawezi kujiandaa kwa jambo kama lile. Tangu madaktari wamtoe kile kisanduku cha sauti kooni, mwezi wa kumi na moja, mpaka tunamzika, sikuwa nimeisikia. Nilishaanza kuisahau, Badru. Na ikawa hiyo hapo, na ule mkwaruzo wake, na kuku wetu wakilia nyuma yake. Akawaaga ndugu mmoja mmoja. Akamwambia Zebedayo aache kugombana na jirani kwa michungwa miwili ya mpakani, "maana yote miwili haizai". Watu wakacheka huku wanalia. Akamwambia binti yetu Queen asiache masomo ya uuguzi. Akaiaga kwaya yake, akawaambia watu wa besi kwamba miaka yote wanachelewa kuingia na yeye alikuwa anawafichia kwa mchungaji.

Halafu akasema, "Badru mwanangu, nipishe kidogo. Ninakokwenda sasa si kwa vijana." Tukasikia mlango. Akakohoa. Akasema, "Lea."

Basi.

Tangu Queen azaliwe, mume wangu hajaniita jina hilo mbele ya mtu. Mimi ni mama Queen shambani, mama Queen kanisani, mama Queen hata tukigombana. Jina langu alilitumia tukiwa wawili, na si kila siku. Watu wote wakanigeukia. Nikasubiri. Kile kioo kidogo cha spika kilikuwa kinahesabu dakika, namba zinakwenda, na hakuna kitu. Mwanzoni tulidhani anafikiri. Halafu watoto wakaanza kuulizana. Tukakaa hivyo mpaka namba zikafika mwisho zenyewe, na kile kimya kilikuwa kirefu kuliko yote aliyosema kwanza.

Devota akasema, "Ameita, akakosa la kusema." Mama mmoja nyuma yake akajibu taratibu, "Au amekataa." Hapo ndipo Zebedayo aliposimama na kukuita mwizi wa maneno ya marehemu.

Badru, unakumbuka kwamba hakutaka upasuaji. Alisema heri afe na sauti yake kuliko aishi bubu. Mimi ndiye niliyewaita watoto, nikamlilia mpaka akakubali. Wakamtoa sauti, na uhai haukudumu. Siku unamrekodi alikuwa anajiandaa kwenda kupasuliwa kwa sababu yangu. Kama baada ya kuniita alisema neno zito, nawe ukalifuta kwa kunionea huruma, niambie. Sitakukasirikia na sitamwambia mtu. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Mama yako,
Lea


Moa,
20 Januari 2024

Shikamoo mama Queen,

Sabiri kanipa barua yako mbele ya watu, akasema, "Pokea wito wa mahakama." Wakacheka. Mimi sikucheka, nikaenda kuisoma nyuma ya nyumba.

Mama, sikufuta. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta namna nzuri ya kusema, na sina nyingine. Sikufuta, na kama mzee angesema neno zito ningekuletea wewe peke yako. Sikusikia hata neno moja baada ya kunitoa nje. Nilikaa nawe barazani, mvua ikaanza, ikapiga bati mpaka tukawa tunapigiana kelele mimi na wewe kuhusu mihogo, kama imeiva au bado. Alipogonga dirisha kwamba amemaliza, niliingia, nikahifadhi, nikafunga kompyuta.

Kinachoniuma si Zebedayo. Ni kwamba na wewe umeweza kuwaza hivyo, hata kama umewaza kwa wema. Mzee Hosea ndiye aliyekuwa akilala kwetu kila alipoleta machungwa Moa. Mama yangu Asmahani alikuwa akimwona tu anaita, "Ficheni kitoweo, Mlutheri wangu kafika," naye anajibu, "Kificheni vizuri, maana leo nimekuja na njaa ya usharika mzima." Alipofariki baba yangu, mzee Hosea alikaa kwenye mkeka wetu siku zote tatu. Mimi nimfutie maneno yake ya mwisho?

Habari imefika mbali. Kuna arusi Horohoro nilikuwa nirekodi, wamenipigia kwamba wamepata mtu mwingine. Sikuuliza sababu.

Nimeifungua kompyuta yangu, nimeangalia lile faili lenyewe, si kopi ya kwenye flashi. Ni vilevile. Jina lako, halafu kimya. Huwa nasikiliza kazi yangu kabla sijaondoka mahali. Siku ile sikusikiliza.

Nitaipeleka kompyuta Tanga kwa fundi. Kama kuna kitu kimezama humo ndani, atakitoa.

Mwanao,
Badru Sadalla


Maramba,
28 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuumiza, nisamehe. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka lile neno zito, nikaliweka kwako kwa sababu wewe ndiye mpole.

Basi kama hukufuta, maana yake ni kwamba alikaa kimya. Nimejaribu kulizoea hilo. Asubuhi nikichambua mchele najiambia, mtu mgonjwa, amechoka, ameita jina la mkewe, pumzi ikamwishia. Halafu nakumbuka ulivyokuwa muda wenyewe. Mtu aliyechoka angegonga dirisha. Yeye alikaa mle na kile kimaiki chako mbele yake, akanyamaza, akanyamaza, halafu ndipo akagonga. Alikuwa ananinyamazia mimi.

Devota hasemi vibaya tena. Ameanza kunihurumia, na hilo ni gumu zaidi. Jana ameniambia, "Mama Queen, wanaume wa kwetu ni hivyo, hata baba yetu alikufa na yake moyoni." Ananikorogea uji kama mimi ndiye mgonjwa.

Nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Tuliporudi kutoka hospitali, sauti haipo, na mkono hauna tena nguvu ya kushika kalamu, alikuwa ananionyesha kabati la vyombo kwa kidole. Kila siku. Nilidhani ni kiu. Nilikuwa natoa kikombe chake cha bluu, namnywesha maji kwa kijiko, naye anakunywa, ananitazama, halafu anafumba macho. Alinitazama vizuri, Badru. Hakunitazama kama mtu mwenye hasira. Ndiyo maana kimya kile kimenishtua namna hii. Nilikuwa nimeamini kwamba tumemalizana kwa amani.

Kama fundi atapata kitu, nitumie hata kama ni kibaya.

Lea


Tanga,
9 Februari 2024

Shikamoo mama,

Nimekaa kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Usome barua hii ukiwa umekaa, na kama wifi yako yuko karibu, mwite akae nawe.

Fundi ni dada mmoja anaitwa Ritha. Alilisikiliza faili mpaka kwenye jina lako na kupita. Akasema, "Humu hakuna kilichofutwa. Mtu akifuta, kipande kinaruka. Hiki hakikuruka. Kompyuta iliendelea kurekodi, ila ilikuwa inarekodi pasipo kitu." Nikamwambia, ndugu zake wanasema marehemu alinyamaza.

Akaniuliza, "Siku hiyo hali ya hewa ilikuwaje?"

Nikaona ananichezea. Nikamwambia mvua ilinyesha, tena kubwa, juu ya bati.

Akasema, "Basi mvua iko wapi?"

Mama, nilirudisha faili nyuma nikasikiliza tena. Mvua haimo. Mwanzoni kuku wamo, mlango umo, kikohozi kimo. Baada ya jina lako hakuna hata tone. Kama mzee angenyamaza tu, kimya chake kingejaa mvua.

Ritha akaniuliza kompyuta ilikuwa kwenye umeme au kwenye betri. Nikamwambia nilichomoa chaja. "Kwa nini?" Nikamweleza kwamba chaja yangu inatia mvumo kwenye maiki. Nikirekodi kaswida mvumo hausikiki kwa sababu ya matari, ila sauti ya mzee ilikuwa imebaki nyembamba sana, nikaona mvumo utaifunika. Nilichomoa ili asikike. Ritha akanitazama, akasema, "Wewe kaka ni fundi wa sauti au fundi wa kuzika sauti?" Alipoona sura yangu akaomba radhi.

Akanionyesha. Kompyuta yangu imewekwa ibane matumizi ya betri. Ikiwa kwenye chaja ni karimu, inamlisha kila mtu. Ikibaki na betri, na betri ikashuka kidogo, inaanza kunyima umeme vitu vilivyochomekwa pembeni, kwenye matundu ya USB. Na maiki yangu inakula umeme kupitia tundu hilo. Haikwambii chochote. Namba zinaendelea kuhesabu kana kwamba kazi inaendelea.

Sikukubali. Tukajaribu palepale. Tukachomoa chaja, tukachomeka maiki, Ritha akawa anasoma gazeti kwa sauti mbele yake. Tukaagiza chai. Anasoma habari za mpira, ananitania kuhusu timu yangu, na mimi natazama kitaa kidogo cha maiki. Kikazimika. Yeye hakuona, akaendelea kusoma, akafika kwenye matangazo ya vifo. Tulipofungua kusikiliza, alikuwa kwenye habari za mpira, katikati ya neno, halafu ni kimya kilekile. Nimekitambua, mama.

Mzee hakukunyamazia. Alikuwa anaongea. Maiki ilikuwa imekufa mbele yake, na hedifoni, ambazo zingenijulisha, nilikuwa nimeziacha mezani. Muda wote ule mrefu tuliokaa kwenye mkeka tukiusikiliza, yeye alikuwa anaongea na wewe.

Nimemuuliza Ritha kama kuna njia yoyote ya kuyapata. Akasema hakuna, kwa sababu hayakuingia.

Sijui niandike nini tena.

Badru


Maramba,
13 Februari 2024

Badru,

Nimesoma. Nilikuwa nimekaa, na Devota alikuwepo. Nilimsomea. Alikuwa anamenya ndizi, akaacha kisu ndani ya ndizi.

Yale maneno ya mvua sikuyaelewa mara ya kwanza. Nilitoka nje. Niliporudi ndipo nilipoelewa.

Sasa nimeelewa na kabati. Flashi uliyotuachia tuliiweka mle, kwenye sahani ya vikombe. Hakuwa na kiu. Alikuwa ananiuliza kama nimesikiliza. Kila siku alikuwa ananiuliza, na mimi namjibu kwa maji. Na alivyokuwa akinitazama vizuri namna ile, ni kwa sababu yeye alijua ameshaniambia. Aliamini ninayo. Alikufa akiamini ninayo.

Na wewe umenificha jambo. Umeandika kwamba huwa unasikiliza kabla hujaondoka, ila siku ile hukusikiliza, ukaishia hapo. Hukuandika kwa nini. Nimekumbuka. Ulikuwa umeshavaa zile hedifoni ili usikilize, nikakushika mkono. Nilikwambia kusikiliza maneno ya kuaga ya mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwita mauti aje mapema. Devota naye alikuwa mlangoni, akasema hata kwao Lushoto hawafanyi hivyo. Ukazivua ukaziweka mezani. Ungesikiliza ungejua palepale, na yeye alikuwa bado ana sauti, angerudia. Alikuwa na siku nzima na nusu ya sauti kabla hatujaondoka kwenda hospitali. Jioni ile aliongea na mbuzi.

Zebedayo anakutukana mbele ya watu na wewe unalijua hilo, na hukulisema.

Sina nguvu ya kuandika. Nakuuliza kitu kimoja. Kabla hajagonga dirisha uliinuka ukaenda upande ule wa chumba chake, mimi nilikuwa na sufuria. Ulimwona?

Lea


Moa,
18 Februari 2024

Shikamoo mama,

Sikuandika kwa sababu hukunishika mkono kwa ubaya. Hata mama yangu angenishika. Tena mimi mwenyewe nilishukuru, maana nilikuwa naogopa kusikia mambo yenu.

Ndiyo, nilimwona. Nilikwenda kuangalia kama amechoka. Sikuwahi kukueleza kwa sababu nilijua yote yamerekodiwa, ya nini mimi kusimulia nilichochungulia dirishani kwa mtu? Na baada ya matanga, ningesema nilimwona anaongea, ungezidi kuamini kwamba nimefuta. Nitakueleza jinsi nilivyoona, sitaongeza.

Pazia lilikuwa nusu. Mzee alikuwa ameketi kitandani, maiki iko juu ya meza, na mbele yake kile kigoda chako kitupu. Mdomo ulikuwa unakwenda. Mvua hainiruhusu kusikia. Alikuwa anacheka kidogo, anajifuta macho kwa kanga yako iliyokuwa kwenye chaga, anaendelea. Hakuwa anaongea na maiki, mama. Hata haitazami. Alikuwa anaongea na kigoda.

Halafu alifumba macho, akaanza kupiga meza kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyoanzisha kwaya. Nikajua anaimba, kwa jinsi alivyoinua kidevu. Sauti ile yote nyembamba, na mvua juu. Akafika mahali akafumbua macho, akakinyooshea kigoda mkono, kiganja juu, kama anavyowaita watu wakati wao wa kuingia umefika. Akasubiri kidogo. Akatabasamu, akaendelea mwenyewe. Nikaona haya nikaondoka.

Hicho ndicho nilichonacho. Ningekuwa na zaidi ningekupa. Mtu mwenye neno zito hakai hivyo, ila mimi ni kijana, wewe ndiye unayemjua.

Jambo la pili. Queen amenitumia ujumbe anataka kopi yake, na watu wa kwaya pia wameomba. Naweza kukikata kile kimya, rekodi ikaishia pale anapoaga kwaya, au hata kwenye jina lako, ikawa fupi na safi. Watu wasikae tena wakitazama namba. Ukisema, nitafanya leo.

Badru


Maramba,
3 Machi 2024

Mwanangu Badru,

Marahaba, na nyingine tena.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niwasomee wote. Jumapili baada ya ibada walikuja hapa, ndugu na wale wa kwaya, nikawasomea barua yako ya Tanga, ile ya fundi. Nilipofika kwenye mvua Zebedayo akanikatiza. Akasema, "Mvua ilikuwepo. Nilikuwa nimeanika pilipili manga, nilikimbia nayo nusu ikalowa." Nikamaliza kusoma, watu wakaanza kuondoka. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza njia ya kwenu kutoka barabara kuu ikoje siku hizi. Nikamwambia atume salamu tu na Sabiri. Akasema, "Hapana, shemeji. Nilimtukana kwa mdomo wangu, siwezi kumtuma mtu wa samaki." Akija mpokee. Ni mkali wa maneno, ila mwendo wake wa kwenda kuomba radhi ni wa mzee sasa, anaona aibu.

Barua yako ya dirishani sikumsomea mtu, ila Devota. Alisikiliza akiwa ameinama. Akasema, "Kwenye kigoda ulikuwa unakaa wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Na mkono ule?"

Nikamweleza. Badru, wewe humjui Hosea wa ujanani. Mimi nilikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, na sikuwa nasikia vizuri mahali pa kuingia, nilikuwa mwoga. Yeye ndiye aliyekuwa ananinyooshea mkono, kiganja juu, kabla ya wengine wote, ili nisipotee. Wenzangu walinitania kwamba naingizwa kama mgeni kwenye nyumba. Hata baada ya kuoana, tukiimba jioni wakati wa maombi, wawili tu na watoto wamelala, alifanya vile. Hukuwa na njia ya kujua hilo. Nilipolisoma nilishtuka kama mtu amenigusa bega.

Kwa hiyo siulizi tena kama alinikasirikia. Mume wangu akikukasirikia hakuimbishi. Zebedayo aliwahi kukaa mwezi mzima nje ya besi kwa sababu waligombana juu ya mbuzi, na mchungaji alimwombea bure. Alikuwa amenisamehe ule upasuaji, au hakuona cha kusamehe. Maneno yenyewe sitayapata. Nimelia kwa hilo, na bado nitalia, maana mtu aliniambia jambo refu na mimi sijui ni nini. Kuna siku nasimama katikati ya shamba nikishtuka upya, kana kwamba ndiyo naambiwa leo.

Devota akaomba tuisikilize tena, sisi wawili. Tukaiweka. Akaaga ndugu, akaaga kwaya, akakutoa nje, akaniita jina. Safari hii sikutazama namba. Nilikaa kwenye kigoda. Nilijua kwamba huko ndani anaongea, na mahali fulani huko mbele anaanza kupiga meza. Sijui ni wimbo gani, na sijui anafika wapi anaponiita. Nikakisia. Nikaingia kwa sauti ndogo, kwa wimbo mmoja tuliokuwa tunaupenda, na kama sio wenyewe atanivumilia. Devota hakucheka. Alikaa mpaka mwisho.

Usikate. Hilo ndilo jibu langu kuhusu kopi. Mpe Queen yote kama ilivyo, na watu wa kwaya wakitaka iliyo fupi waambie mama Queen amekataa. Sehemu ile unayoiona tupu ndiyo aliyowatoa vijana nje ili aiseme. Ikikatwa, itakuwa ameniita jina na kuondoka, na hakuondoka.

Nasikia una kazi Horohoro tena. Nimefurahi. Msalimie sana mama Asmahani, mwambie Mlutheri wake alimpenda.

Nami unikumbuke, mwanangu.

Lea